Dalali Aliyeitikia Amin

Juzi, katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja aliniuliza atarajie nini kwa dalali. Ameachiwa nyumba na marehemu mumewe kule Diani, watoto wametawanyika, naye ameamua kuiuza. Alijua kwamba sisi tuliwahi kuuza ya mama yetu Msambweni. Aliniuliza kwa nia njema, huku akisahihisha madaftari, na nadhani alingoja nimwambie mambo ya karatasi na ada. Mimi nikahisi damu inanipanda. Nikamwambia, "Tarajia kusalimiwa vizuri." Akacheka. Sikuwa na mzaha hata kidogo.

Hakuna mtu aliyepata kumsalimia mama yangu vizuri kama yule dalali. Lakini kwanza niseme habari ya nyumba, maana dalali ukimwuliza nyumba ni nini atakuhesabia vyumba na bati.

Marehemu baba alikuwa mwashi. Hoteli nyingi za Diani, zile ambazo siku hizi huwezi kupita getini bila kuulizwa unakwenda wapi, zina mawe aliyoyaweka yeye. Nyumba yetu aliijenga Jumapili kwa Jumapili, kwa miaka, na alipofika kwenye maji alichimba mwenyewe na wenzake wawili. Mtaa ule maji yake ni ya chumvi. Ukichimba hapa chumvi, ukichimba pale chumvi, chai ukiipika inakataa maziwa. Baba alipochimba pembeni mwa ua, upande wa njia, alikutana na maji matamu. Wenzake walidhani atazungushia ukuta awe anauza kwa ndoo. Ijumaa iliyofuata alisimama msikitini baada ya swala akasema kisima kile amekitoa wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kila mwenye haja achote, asiulizwe na mtu.

Kitu kikishatolewa wakfu si chako tena. Hukiuzi, hukirithishi, huwezi hata kujuta. Na maadamu watu wanakunywa, thawabu zinamfikia aliyetoa, hata akiwa kaburini. Baba hakuandika popote. Angemwandikia nani? Msikiti mzima ulisikia. Tangu hapo njia ya kwenda kisimani ikawa ya watu, imekanyagwa mpaka imeng'aa, na mimi nimekua nikiamshwa na mlio wa kapi, lile gurudumu la kuvutia kamba. Baba alipofariki, mama alikuwa kila akisikia kapi linalia alfajiri husema peke yake, "Babenu anapata." Hakulisema kwa huzuni. Alilisema kama mtu anayepewa habari za mumewe aliye safarini.

Sasa, mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali daktari alisema asikae peke yake tena. Mimi nafundisha Ukunda, nimepanga vyumba viwili juu ghorofani, na mwenye nyonga ya kuungwa hawezi kupanda ngazi zile. Ndugu zangu wako mbali. Kwa muda nikahamia kwake Msambweni, nikawa nakwenda kazini na kurudi. Tukaafikiana nyumba iuzwe, tupate pahali pa chini, pa heshima, mama awe nami. Nilijiandaa kwa machozi. Mama akakubali kabla chai haijapoa. Sharti lake lilikuwa moja tu, na alilirudia mara mbili: nyumba iuzwe, shamba liuzwe, minazi iuzwe, kisima kisiuzwe, na njia yake isifungwe.

Ndipo akaja dalali. Alipiga hodi mara tatu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, viatu vyeusi vyenye ncha, akaviweka sambamba kama viatu vya bwana harusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, babangu. Karibu dalali."

"Mama, mimi si dalali," akasema kwa tabasamu. "Dalali ni wa samaki na mahindi. Mimi ni ajenti wa nyumba."

"Haya, karibu ajenti," mama akasema. Nilipokuwa jikoni kufuata mahamri nikamsikia akimwita dalali tena.

Akamwuliza mama habari za mguu, za usingizi, za presha. Mimi mwanawe wa kumzaa siku hiyo nilikuwa sijamwuliza habari za presha. Akamwombea dua marehemu baba. Akasema yeye pia ni mtoto wa hapa hapa pwani ya kusini, kwao ni mbele kidogo tu, hawezi kumdhulumu mama yake. Niseme kweli, nilimpenda. Nilijiona nina bahati, maana nilikuwa nimesikia visa vya madalali wa Ukunda wanaowauzia watu watatu ploti moja, na huyu alikuwa anakula hamri kwa adabu, anapangusa makombo kwa kiganja.

Mama akamweleza sharti lake. Alieleza taratibu, tangu siku ya kuchimba mpaka siku ya msikitini. Dalali alisikiliza akitikisa kichwa, akasema "Subhanallah" pale panapostahili. Mwisho akasema, "Mama, nimeelewa. Kisima ni cha watu. Hilo liache kwangu." Mama akanyanyua viganja, tukasoma Fatiha. Yeye pia alinyanyua viganja vyake, akafumba macho, na mwisho wa dua aliitikia "Amin" kwa sauti kubwa kutushinda sote.

Lazima nieleze jambo hili hapa, maana bila hilo tutaonekana wapumbavu tu. Kwetu, jambo likishasomewa Fatiha limefungwa. Posa husomewa Fatiha, shamba likigawanywa husomewa Fatiha, watu waliogombana miaka wakipatanishwa husomewa Fatiha na hakuna anayeuliza risiti. Karatasi ni ya kumridhisha karani. Mama alipoteremsha mikono yake siku ile alikuwa amemaliza kazi. Kwa upande wake mkataba ulikuwa umeshatiwa sahihi, na shahidi alikuwa Mungu.

Siku ya pili dalali alikuja kupiga picha, na jambo la kwanza alilofanya ni kuwafukuza wanawake kisimani.

Hakuwafukuza kwa fimbo. Alisema, "Akina mama, sogeeni kidogo, naomba tu dakika mbili." Wakasogea na leso zao na mitungi yao. Akasema wasogeze na ndoo. Kisha kamba akaikunja akaitia nyuma ya ukuta wa choo, na kapi akalifunika kwa majani ya mnazi. Alipomaliza, kisima cha baba yangu kilikuwa kimesimama peke yake kama kwamba hakijawahi kuguswa na mkono wa mtu. Nikamwuliza kwa nini asipige na watu wakichota, si ndio uzuri wenyewe? Akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali la kitoto. "Mwalimu," akasema, "mteja anataka kujiona yeye kwenye picha. Akiona watu wengine hajioni." Nilidhani ni utaalamu.

Na wakati ninadhani, yeye alikuwa kwenye mnazi wa mbele akipigilia kibao cha INAUZWA kwa misumari minne. Hakuomba. Mnazi ule mama aliupanda nilipozaliwa.

Tangazo likatoka kwenye simu. Nilipolisoma nilidhani amekosea akatia nyumba ya mtu mwingine. Bahari, ambayo kwetu ukitaka kuifikia lazima uvuke barabara kubwa na mashamba ya watu na ufike umelowa jasho, ilikuwa imesogea mpaka "hatua chache". Bati lenye kutu lilikuwa "paa la kiasili". Choo cha nje kilikuwa kimetoweka. Na chini kabisa: "kisima binafsi cha maji matamu". Nikampigia simu kwa hasira. Lakini ona nilivyo mjinga, nilimgombeza juu ya bahari. Nilimwambia watu watakuja na taulo. Akacheka, akasema hiyo ni lugha ya soko, kila mtu anaijua, hata mnunuzi anaijua. Nami nikacheka. Lile neno "binafsi" lilipita mbele ya macho yangu kama mpita njia asiyenihusu.

Wateja wakaanza kuletwa, siku za kazi, saa ambazo mimi niko darasani. Baadaye sana ndipo nilipojua mambo yalivyokuwa yakienda. Kila mgeni akija, dalali alikuwa anampigia mama simu kabla, anamwomba kwa upole aende akakae jikoni nyuma. Ati mnunuzi akimwona mwenye nyumba mzee anaingiwa na haya ya kukagua. Mama yangu, mwenye nyonga ya kuungwa, alikuwa anajikongoja na fimbo yake kwenda kukaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, jikoni, katika nyumba aliyojengewa na mumewe, ili watu wasiomjua wapate kufungua kabati zake bila haya. Na wanawake wa kisimani waliambiwa waje baada ya alasiri. Walitii. Walidhani ni amri ya mama.

"Mbona hukuniambia?" nilimwuliza.

"Aliniomba kwa adabu," mama akasema. "Ningemkataliaje mtu aliyeniomba kwa adabu?"

Hili ndilo linalonichoma mpaka leo. Mwizi wa usiku anakuja na panga, na wewe unajua la kufanya, unapiga ukelele. Huyu alikuja na shikamoo. Alitufunga kwa kamba zetu wenyewe, heshima zetu, dua zetu, haya zetu, na tulimshikia ncha moja ya kamba ili asichoke.

Mnunuzi akapatikana, mstaafu mmoja kutoka bara, mpole, asiye na maneno mengi, aliyetaka kumalizia uzee wake mahali penye joto. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Dalali alileta mkataba saa kumi jioni, nina saumu, kichwa kinanigonga, nimesimamia mitihani tangu asubuhi. Ulikuwa wa Kiingereza, kurasa sita. Mama, ambaye Kurani anaisoma mpaka unatamani asinyamaze, maandishi haya ya shule hakufundishwa. Alitakiwa atie dole gumba, na mimi nitie sahihi kwamba nimemsomea na ameelewa.

Niliusoma ukurasa wa kwanza. Wa pili niliupitia. Kuanzia wa tatu nilikuwa nafunua tu, kama nifanyavyo nikitafuta mwisho wa insha ya mwanafunzi mvivu.

"Yanasema nini?" mama akauliza.

"Ni maneno ya ofisi, mama."

"Na kisima je?"

Aliuliza. Sitaki mtu anifiche katika hili, mama aliuliza. Nami nikamjibu, "Kisima si tulishakisomea Fatiha?" Dalali akadakia, "Mama, hilo tulishalimaliza." Mama akaridhika, akakiweka kidole chake kwenye wino kisha kwenye karatasi, na mimi nikatia sahihi yangu pembeni. Miaka zaidi ya ishirini nawafundisha watoto wa watu ufahamu. Nawaambia, soma taarifa mara mbili kabla ya kujibu maswali.

Idi ikapita. Siku moja jirani wa mama akanipigia simu, anazungumza haraka mpaka simfahamu. Watu wamekuja na kamba za kupimia, wameweka alama za chokaa kukizunguka kisima, wanasema pale patajengwa ukuta na kutiwa pampu. Nikampigia dalali. Hakushika. Nikapiga mara kumi na moja. Jioni akaniletea ujumbe: "Mwalimu, hayo ni madogo, tutayaweka sawa Bodi ikishapita."

Bodi ya ardhi ni kile kikao ambacho muuzaji husimama mbele ya watu, akaulizwa kwa mdomo wake kama anauza kwa hiari. Bila wao kukubali, mauzo hayaendi mbele. Nilipanga kusema pale. Nilikesha nikipanga maneno. Asubuhi dalali alitupokea kwenye varanda ya ofisi, kanzu nyeupe siku hiyo, akamshika mama mkono akamkalisha kwenye benchi yenye kivuli.

"Mama, wakikuuliza sema ndiyo tu," akamwambia. "Watu ni wengi, wazee wa Bodi wamechoka. Mengine tutayazungumza sisi kwa sisi."

Tukaitwa. Mama akasimama na fimbo yake. Mwenyekiti alikuwa mtu mstaarabu, alimwambia akae, mama akakataa.

"Mama, unaifahamu ploti hii?"

"Naifahamu, mwanangu. Nimezaa ndani yake."

"Na umekubali kuiuza kwa hiari yako?"

Dalali alikuwa nyuma yetu. Nilimsikia akisema "ndiyo" kwa pumzi, kama anayemkumbusha mtoto shairi.

"Nyumba nimekubali," mama akasema. "Shamba nimekubali. Kisima si changu, na siwezi kumuuzia huyu bwana kitu cha watu. Kisima ni wakfu. Nilisema tangu siku ya kwanza, na tukasoma Fatiha."

Mwenyekiti akafunua karatasi. Akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena. "Kisima gani? Hapa pameandikwa hakuna mtu mwingine mwenye haki yoyote ndani ya mipaka hii."

Mstaafu, aliyekuwa ameketi kando, akainuka. Uso ulikuwa umembadilika. "Mimi niliambiwa hiyo kisima ni yangu," akasema. "Niliambiwa hao akina mama wamesaidiwa tu kwa muda, mpaka maji ya kaunti ifike. Mimi nimenunua hapa sababu ya hiyo maji!"

Basi wote wawili, mwenye kuuza na mwenye kununua, walikuwa wamedanganywa na mdomo mmoja, kila mtu kwa kile alichopenda kusikia. Nilidhani sasa ardhi itapasuka immeze. Wapi! Dalali alisogea mbele, akawaamkia wazee wa Bodi mmoja mmoja, akasema, "Waheshimiwa, kila kitu kilisomwa. Mama alisomewa na binti yake mwenyewe, tena ni mwalimu. Sahihi yake hii hapa."

Mwenyekiti akaigeuza karatasi upande wangu. Ilikuwa sahihi yangu, ina ule mkia ninaoupenda, ule ninaoutia kwenye ripoti za watoto. Katika maneno yote niliyoyapanga usiku kucha, hiyo sahihi haikuwamo. Nilitaka kusema nilikuwa na saumu. Hebu fikiria, mwanamke mzima, mwalimu, asimame mbele ya Bodi ya ardhi aseme alikuwa na njaa.

Tukaambiwa twende tukapatane, turudi kikao kingine.

Katika tuktuk mama alikuwa ameishika fimbo kwa mikono yote miwili, anatazama mbele. Nilimlaani dalali kutoka ofisini mpaka sokoni. Nilimwita kila jina. Nilisema nitamshtaki, nitampeleka kwa chifu, nitambandika kwenye mitandao. Tulipokaribia nyumbani mama akageuka.

"Mwanangu," akasema, "mimi kusoma sikufundishwa. Wewe je?"

Hakuliuliza kwa ukali. Angeliuliza kwa ukali ningepata la kujibu.

Jioni ile hakuna aliyekuja kuchota, kwa sababu ya zile alama za chokaa. Wanawake walikuwa wamezikwepa kama watu wanavyokwepa kitu cha uchawi njiani. Wakaenda kule kwenye maji ya chumvi. Alfajiri niliamka kwa mazoea, nikasubiri kapi lilie. Mama naye alikuwa macho, nilijua kwa pumzi zake. Kapi halikulia. Lile neno lake la kila alfajiri halikusemwa, na sijapata kuona kimya kibaya kama kile. Ni mimi niliyemkatia baba riziki yake, na nilifanya hivyo kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, maana ndiyo iliyokuwa karibu. Nilichukua ndoo ya maji na ufagio nikatoka nikazifuta alama zile moja moja mpaka mgongo ukanikatika.

Siku ya tatu mstaafu alikuja. Peke yake, bila dalali. Alikaa barazani, mama akampa maji kwenye bilauri, akanywa yote, akaomba mengine. Kisha akakaa akitazama. Wanawake walikuwa wameanza kurudi, wanakuja wawili wawili, wanamwangalia kwa pembe ya jicho. Alikaa pale tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mama hakumshawishi. Alimwuliza tu habari za kwao, na kama baridi ya huko ni kweli kama inavyosemwa.

Hatimaye akasema, "Mama, mimi nikifunga hapa, nitaishi hapa na nani?"

Wakapatana wenyewe, kwa maneno machache. Kisima na njia yake vitapimwa mbali, viandikwe kwa jina la msikiti. Yeye atachota kama mtu mwingine yeyote, na akitaka pampu atachimba kwake ajaribu bahati. Bei ikashuka. Mama hakuuliza imeshuka kiasi gani.

Na hapo ndipo dalali alipokasirika. Ndiyo, yeye! Alinipigia simu, yule yule asiyeshika simu, anapumua kwa ghadhabu. "Mwalimu, mmenizunguka! Mnakutana na mteja wangu bila mimi? Huo si uungwana." Nilicheka mpaka nikaogopa sauti yangu. Nilimwambia aje siku ya kutia sahihi, ada yake iko pale pale, hatutaki haki ya mtu. Lakini aje tayari kukaa.

Mkataba mpya niliutaka kwa Kiswahili, na kama wakili wa kuuandika hawezi basi nitautafsiri mimi, na niliutafsiri. Tulikaa barazani baada ya swala ya alasiri, mama, mstaafu, dalali na mimi. Wanawake waliokuja kuchota niliwaomba waketi na mitungi yao. Nikasoma. Nilisoma kila mstari kwa sauti, hata zile nambari za hati, hata tarehe. Mama alikuwa ananisimamisha. "Hapo rudia." Narudia. "Hilo neno maana yake nini?" Naeleza. Mstaafu naye akauliza yake. Dalali alikuwa amekaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni, anatazama saa. Mara mbili alisema tungeweza kuruka baadhi ya vipengele, vya kawaida tu. Mama akamwambia, "Tulia, dalali."

Kipengele cha mwisho nilikuwa nimekiandika mwenyewe. Kilisema: "Mimi niliyesimamia mauzo haya niliambiwa tangu siku ya kwanza, ndani ya nyumba hii, kwamba kisima ni wakfu, na sikumwambia mnunuzi." Chini yake nilimwachia nafasi ya sahihi.

Mama alitia dole gumba. Mstaafu akatia sahihi. Mimi nikatia yangu, nikiutazama kila mpindo wa herufi. Dalali akakohoa.

"Hiki cha mwisho, mwalimu, hakina haja," akasema. "Sisi ni watu wa nyumba moja. Mambo yameisha kwa heri, alhamdulillahi. Tusome Fatiha tu, tutawanyike."

Akanyanyua viganja, vizuri, kifuani, kama siku ile. Akafumba macho. Sisi wengine, kwa mazoea, tukanyanyua vyetu. Hata mstaafu, asiye Mwislamu, alinyanyua vyake kwa kututazama. Nyuma yetu mwanamke mmoja alikuwa tayari ameshuka kuteka, na kapi likaanza kulia.

Mama alimgusa dalali gotini kwa ncha ya fimbo, polepole, mpaka akafumbua macho.

"Sisi tutasoma, babangu," akasema. "Wewe teremsha mikono. Wewe tia sahihi."

Akateremsha mikono, nikampa kalamu.